Je, hesabu huhalalisha kamari?

Kuna hoja imeingia mitaani kwetu huku Kilwa na Lindi ambayo haifanani na zile tulizozizoea. Zamani mcheza kamari akikatazwa aliinamisha kichwa, akasema "tuombeane dua, Maalim", akapita zake. Kijana wa leo haondoki. Anakaa, anatoa simu, anakuonesha jedwali, na anakuambia: "Ustadh, kilichoharamishwa ni kubahatisha. Mimi sibahatishi. Mimi napiga hesabu."

Hoja hii nililetewa na kijana niliyemsomesha hesabu sekondari. Alikuwa ameuza ufuta wake kwenye mnada, fedha zimeingia, na akilini mwake alikuwa na mpango. Alijifunza kwenye simu mchezo wa karata wa ishirini na moja, ule unaochezwa kwenye kasino na kuitwa blakijeki. Hatua ya kwanza, ya kujua kila mkono unachezwaje, alikwisha kuihifadhi. Sasa alitaka kuingia hatua ya pili, ya kuhesabu karata, kisha apande basi, avuke Daraja la Mkapa, akazijaribu fedha za ufuta kwenye kasino Dar es Salaam. Alikuja kwangu, si kuomba ruhusa, bali kunisomesha!

Wapo watakaosema hapakuwa na haja ya mjadala: angesomewa aya ya ulevi na kamari katika Suratul Maidah, yakaisha. Aya inatosha kwa anayekubali kuwa anachokifanya ni kamari. Huyu anasema si kamari, na dalili anayo. Mtu wa namna hiyo hujibiwa kwa kuichukua hesabu yake na kuipiga mpaka mwisho, kisha kuipeleka kwenye vitabu vya fiqhi. Ndivyo nilivyofanya, na somo lenyewe naliweka hapa kwa faida ya wengine.

Tuanze na mchezo. Mchezaji anashindana na mgawaji wa kasino. Karata za namba zina thamani ya namba zake, za picha ni kumi kumi, na ree ni moja au kumi na moja. Anayekaribia zaidi 21 bila kuipita anashinda. Mgawaji hana hiari: ana lazima ya kuongeza karata mpaka afike 17. Mchezaji ndiye mwenye hiari, na wengi hiari hiyo ndiyo inayowamaliza, kwa sababu mchezaji hucheza kwanza. Akipita 21, dau lake limeshachukuliwa, hata kama baadaye mgawaji naye atapita.

Mwaka 1956 vijana wanne waliokuwa katika jeshi la Marekani walichapisha katika jarida la wanatakwimu hesabu ya namna bora ya kucheza kila mkono. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kijana wetu. Kwa mfano, ukiwa na 16 na mgawaji ameonesha 6, simama, mwache yeye ajitumbukize. Ukiwa na 16 hiyo hiyo na yeye ameonesha 10, ongeza karata ingawa moyo unakataa. Ree mbili zitenganishe, nane mbili zitenganishe, kumi mbili usiziguse. Ukiyashika yote bila kukosea, na sheria za meza zikiwa nzuri, kasino inabaki na faida ya kama nusu ya asilimia moja. Yaani katika kila shilingi 1,000 unazoweka, kwa wastani unaacha mezani shilingi 5.

Hebu tutue hapa kidogo. Huyu ni mchezaji bora, aliyehifadhi jedwali zima, asiyelewa, asiyepaniki. Naye anapoteza! Anapoteza polepole kuliko wenzake, basi. Kijana alikubali, akasema ndiyo maana anataka hatua ya pili.

Hatua ya pili aliileta Edward Thorp, mwanahisabati wa Marekani, ambaye mwaka 1962 alitoa kitabu kilichoitikisa Las Vegas, kiitwacho Beat the Dealer. Fikra yake ni nyepesi, na mzee yeyote wa barazani anayecheza arubaastini ataielewa kuliko profesa: karata iliyokwisha kutoka hairudi mpaka zichanganywe upya. Kwa hiyo zilizobaki hazifanani na zilizoanza. Zikibaki nyingi kubwa, yaani kumi, za picha na ree, mchezaji ananufaika, kwa kuwa mgawaji analazimika kuongeza hata akiwa na 15 au 16 na atapita mara nyingi zaidi, na kwa kuwa ree ikikutana na kumi mchezaji hulipwa dau lake na nusu yake juu. Zikibaki nyingi ndogo, kasino inanufaika.

Njia maarufu ya kuhesabu ni hii. Kila ikitoka 2 hadi 6, ongeza moja. Ikitoka 7, 8 au 9, acha kama ilivyo. Ikitoka kumi, picha au ree, punguza moja. Zikitoka 5, mfalme, 3, 6, 9 na 2, umefika tatu. Lakini kasino haichezi kwa pakiti moja. Mara nyingi zinachanganywa pakiti sita, karata 312. Hivyo jumla yako unaigawa kwa pakiti unazokadiria zimebaki: ukiwa na sita na zimebaki pakiti tatu, alama yako ya kweli ni mbili. Kila alama moja humsogezea mchezaji kama nusu ya asilimia. Kwenye moja mnalingana na kasino, kwenye mbili umeitangulia kidogo, na hapo ndipo unapotakiwa kuongeza dau. Chini ya hapo unaweka dau dogo na kusubiri. Yote haya unayafanya kichwani, huku watu wanaongea, muziki unapigwa, na uso wako hauoneshi kuwa unahesabu.

Nitakuwa mwadilifu: jambo hili ni kweli. Si uganga wala utapeli. Wapo waliolifanya na wakafaidika, baadhi yao wanafunzi wa chuo kikubwa cha teknolojia kule Massachusetts waliojipanga makundi makundi. Mwenye kuwakataza vijana kwa kusema "haiwezekani" atadharauliwa siku watakapogundua kuwa inawezekana.

Sasa tuipige ile hesabu mpaka mwisho, kwani kijana aliishia katikati. Chukulia umekuwa hodari, na faida yako kwa wastani imefika asilimia moja, kiwango ambacho mhesabuji mzuri angekishukuru. Chukulia dau lako la wastani ni shilingi 10,000 na unacheza mikono 70 kwa saa. Umezungusha shilingi 700,000, na faida yako kwa saa ni shilingi 7,000. Lakini kupanda na kushuka kwa fedha yako ndani ya saa hiyo hiyo ni kama shilingi 96,000 kwenda juu au kwenda chini. Faida imezama ndani ya mawimbi. Ili ilingane tu na ukubwa wa mawimbi hayo unahitaji kucheza mikono kama 13,000, karibu saa 190. Na ukishamaliza saa hizo zote bila kukosea hata mara moja, bado mtu mmoja kati ya kila sita mliofanya hivyo atakuwa amepata hasara. Hapo nimechukulia dau ni lile lile siku zote. Mhesabuji anayepandisha na kushusha dau, kama anavyotakiwa, mawimbi yake ni makubwa zaidi.

Nikamuuliza: fedha za ufuta za msimu mmoja zina uwezo wa kuvumilia saa 190? Alinyamaza, kisha akasema atakopa. Wallahi alisema hivyo.

Tena kasino nayo haijalala. Imeongeza pakiti, inachanganya kabla karata hazijafika mbali, na mahali pengine imeweka mashine inayochanganya mfululizo, kiasi kwamba hakuna cha kuhesabu. Kwenye meza nyingi imepunguza malipo ya ree na kumi kutoka tatu kwa mbili hadi sita kwa tano, na badiliko hilo peke yake linaipa kasino zaidi ya asilimia moja, yaani limeila faida yote ya mhesabuji wetu. Na akigundulika anaombwa kuondoka. Kule New Jersey, Mahakama ya Juu mwaka 1982 iliamua kuwa kasino haiwezi kumfukuza mtu kwa sababu tu anahesabu, lakini sehemu nyingine nyingi mlango anaoneshwa. Biashara inayomkaribisha asiyejua na kumfukuza anayejua, msomaji ataipa jina mwenyewe.

Huo ndio upande wa hesabu. Hata hivyo sitaki hoja yetu isimame juu ya hasara. Tukisema kamari ni haramu kwa kuwa inatia hasara, basi siku atakapotokea mwenye kupata faida tutakuwa tumemhalalishia. Qur'an haikusimama hapo. Katika Suratul Baqara aya ya 219, Allah (s.w.) ametaja kuwa ulevi na kamari vina manufaa kwa watu, na kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Manufaa hayakukanushwa! Na mafasiri wameeleza maisir ya Waarabu wa Jahiliya ilivyokuwa: ngamia anachinjwa, inatolewa mishale kumi, saba ina mafungu na mitatu ni mitupu, na wenye kushinda walikuwa wakiwapa maskini ile nyama, wakijifaharisha kwa ukarimu. Kamari iliyowalisha maskini iliharamishwa. Itakuwaje ya kununulia pikipiki?

Tuje kwenye hoja yenyewe, kwamba ustadi unaitoa karata katika kamari. Nakiri kuwa kijana huyu, bila kujua, amegusa mlango halisi wa fiqhi yetu. Sisi watu wa mwambao ni Mashafii toka zamani. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta wenyeji wakifuata madhehebu hayo. Na mafakihi wa Kishafii wamezigawa nyenzo za michezo mafungu mawili: inayotegemea hesabu na fikra, na inayotegemea kukisia. Nard, mchezo wa dadu, ni katika fungu la pili, na hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim inamfananisha mchezaji wake na aliyechovya mkono wake katika nyama na damu ya nguruwe. Sataranji ni fungu la kwanza, na Imamu Nawawi katika Minhaj ameihesabu kuwa ni makuruhu, si haramu. Ibn Hajar al-Haytami katika Tuhfa ametaja pia mchezo wa mashimo yanayohamishwa vijiwe kwa hesabu. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi: hilo ni bao letu, lenye mashimo 32 na kete 64, ambalo halina dadu wala siri. Karata wapo mafakihi walioziweka upande wa kukisia, kwa kuwa humjui mwenzio ameshika nini.

Kijana aliposikia haya aliruka kwa furaha. "Umeona, Maalim! Mimi kwa kuhesabu nimezitoa karata upande wa dadu, nimezipeleka upande wa bao."

Nikamwambia, mwanangu, endelea kusoma mstari unaofuata. Katika Minhaj hiyo hiyo, baada tu ya kusema sataranji ni makuruhu, Imamu anaendelea kuwa ikiwekwa sharti ya mali kutoka pande zote mbili, basi ni kamari. Hakusema "isipokuwa kwa bingwa". Sataranji haina bahati hata chembe, bao halikadhalika, na bado mali ya pande mbili ikiingia hukumu inabadilika. Kwa hiyo mgawanyo wa hesabu na kukisia unajibu swali la kuucheza mchezo wenyewe, mtu akijiliwaza. Swali la mali lina kipimo chake, nacho ni hiki: je, kila mmoja ameingia akiwa baina ya kupata cha mwenziwe na kupoteza chake? Ikiwa ndiyo, hiyo ni qimari, awe mjinga au profesa.

Ushahidi mkubwa zaidi uko kwenye mashindano yaliyoruhusiwa. Mtume (s.a.w.) ameruhusu zawadi katika kushindana kwa ngamia, farasi na mishale, kwa kuwa ni maandalizi ya jihadi. Kulenga mshale ni ustadi mtupu. Pamoja na hayo, katika madhehebu yetu washindani wawili hawaruhusiwi kuweka mali wote wawili mpaka aingizwe wa tatu asiyetoa kitu, mwenye kuweza kushinda na asiyepoteza akishindwa. Atoe zawadi kiongozi, au mtu wa nje, au mmoja wao peke yake, hapana tatizo. Kama mshale wenyewe umewekewa mpaka huo, karata ya kasino itapitia wapi?

(Hapa wapo watakaochukia, lakini niseme. Zile ligi zetu za mbuzi, ambapo kila timu inatoa kiingilio na viingilio hivyo hivyo ndivyo vinavyomnunua mbuzi wa mshindi, zinapita katika mlango huu huu. Dawa yake ni rahisi: mbuzi atolewe na mfadhili, na kiingilio kiwe cha gharama za mwamuzi na uwanja.)

Alibakiwa na hoja moja, na ni nzuri. Alisema Abubakar (r.a.) aliwekeana dau na washirikina kuwa Warumi watawashinda Wafursi, kwa kuwa alikuwa na elimu ya hilo kutoka kwenye Suratur Rum. Ni kweli, Tirmidhi ameipokea habari hiyo, na katika mapokezi yake imeelezwa kuwa ilikuwa kabla ya kuharamishwa kuwekeana dau. Wanavyuoni wengine wameijadili kwa namna nyingine, kwamba lilikuwa jambo la kuinusuru dini. Kwa vyovyote vile, yeye alikuwa na yakini ya wahyi. Mhesabuji wa karata ana asilimia moja, na katika kila sita mmoja anarudi nyumbani mikono mitupu.

Msomaji wa mjini huenda anajiuliza haya yanamhusu nini yeye asiyekanyaga kasino. Yanamhusu, kwa sababu lugha ya "nimefanya uchambuzi" ndiyo lugha ya kubeti, na huko hakuna nauli ya Dar es Salaam; simu iko mfukoni. Tangu Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 biashara hii ina bodi na leseni, na leseni ya serikali haijawahi kuwa fatwa. Mwenye mkeka anaamini anazijua timu. Tuseme kampuni imejiwekea asilimia 5 katika kila mechi. Ukiunganisha mechi kumi, asilimia hizo zinazidishana: katika kila shilingi 1,000 zinazowekwa kwenye mikeka ya namna hiyo, zinazorudi kwa wachezaji wote ni kama 600. Kile kimchezo cha kandege kinatangaza chenyewe kuwa kinarudisha asilimia 97. Zungusha shilingi 1,000 zako zote mara hamsini, na kwa wastani zimebaki kama 220. Na michezo ya karata ya kwenye simu inayoendeshwa na programu huchanganya upya kila mkono. Pale Thorp mwenyewe angehesabu nini?

Kimebaki kifungu ambacho vijana huuliza kwa sauti ya chini: aliyekwisha kupata fedha hizi afanyeje? Toba kwanza, na dau asilirudie. Mtume (s.a.w.) amemwamuru hata aliyemwambia mwenziwe waje wachezeshane kamari atoe sadaka, na huyo ametamka tu. Faida iliyopatikana kwa kampuni au kasino, ambayo huwezi kujua imetoka mfukoni mwa nani, si yako. Imamu Nawawi katika Majmu', akinukuu kutoka kwa Ghazali, ameelekeza kuwa mali ya haramu isiyojulikana mwenyewe iende kwenye maslahi ya Waislamu wote, kama madaraja na misikiti, au ipewe mafakiri, na mtoaji anakusudia kujivua nayo. Ama ile iliyoliwa barazani, ambapo mliweka elfu mbili mbili na unamjua uliyemla, hiyo haipelekwi msikitini. Inarudishwa kwake, na kama amefariki, kwa warithi wake.